Nani atakuwa wakili wetu Siku ya Kiyama?

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), Mjuzi wa yaliyo wazi na yaliyofichikana, Hakimu asiyehitaji kuletewa shahidi. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba wake na wote wanaofuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, siku moja nikiwa darasani hapa Kyela nikifundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu kidato cha nne, mwanafunzi mmoja aliinua mkono na kuniuliza: "Ustadhi, mimi nikimaliza nataka nisome sheria niwe wakili. Lakini babu yangu ananiambia mawakili wote ni watu wa motoni, kwa sababu kazi yao ni kuwatetea wezi. Je, uwakili ni haramu?" Darasa zima likaangua kicheko.

Nilimjibu kwa dalili. Nikamweleza kuwa uwakili wenyewe si haramu, bali haramu ni uongo, rushwa na kula mali ya watu kwa batili, ambavyo ni haramu kwa wakili kama vilivyo haramu kwa muuza samaki wa Matema. Kengele ikalia, wanafunzi wakatoka wameridhika. Mimi sikuridhika. Kitabuni jibu langu lilikuwa sahihi, lakini lilimgusa wakili peke yake. Halikumgusa yule anayemwendea wakili akiwa na uongo wake mfukoni. Wala halikumgusa yule anayeubeba uongo huo na kuupeleka kugongwa muhuri. Na huyo wa mwisho, ndugu msomaji, nilikuwa mimi.

Kabla sijayaeleza hayo, tuangalie kwanza dini yetu inasemaje.

Uwakili ni amana

Neno "wakili" tumelipata kutoka Kiarabu, na katika fiqhi mlango wa wakala ni mlango mpana. Mtu anaruhusiwa kumweka mwenzake amnunulie, amuuzie, amfungie ndoa, au amsemee mbele ya kadhi. Nabii Musa (AS) alipotumwa kwa Firauni alimuomba Mola wake ampe ndugu yake Harun awe msaidizi wake, kwa kuwa Harun alikuwa fasaha zaidi wa ulimi (Qur'an, 28:34). Hapa tunajifunza kuwa si kila mwenye haki ana ulimi wa kuieleza haki yake, na kumtafuta wa kukusemea si aibu wala si udanganyifu. Sayyidna Ali (RA), pamoja na elimu na ushujaa wake wote, imepokewa kwamba hakupenda kuhudhuria mwenyewe kwenye mashauri. Alimuweka ndugu yake Aqil amsimamie, na Aqil alipozeeka akamuweka Abdullah bin Ja'far.

Wakili mwema ana sifa gani? Imam Bukhari amepokea kisa cha sahaba Urwa al-Bariqi (RA). Mtume (SAW) alimpa dinari moja amnunulie kondoo. Urwa akaenda sokoni, kwa dinari ile akapata kondoo wawili, akamuuza mmoja kwa dinari moja, akarudi na kondoo pamoja na dinari. Angeweza kuitia mfukoni ile dinari na hakuna ambaye angejua. Mtume (SAW) akamuombea baraka katika biashara yake. Hebu tujiulize, wako wangapi leo, mawakili na wasio mawakili, wanaoshika fedha za mteja na kurudi na chenji ambayo mteja mwenyewe hajui kama ipo?

Ama kuhusu ulimi, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Mama wa Waumini Ummu Salama (RA) kwamba Mtume (SAW) alituonya kuwa yeye ni binadamu, tunamletea mashauri yetu, na huenda mmoja wetu akawa hodari wa kujenga hoja kuliko mwenzake, naye akamhukumia kulingana na alichokisikia. Basi yeyote atakayehukumiwa kupewa haki ya ndugu yake asiichukue, kwani alichokatiwa ni kipande cha moto. Tuizingatie hadithi hii, kwani inatufundisha kuwa hukumu ya mahakama haiigeuzi haramu kuwa halali. Hati ya ushindi unaweza kuitundika ukutani, na moto ukawa umeutia tumboni.

Aya zilizoshuka kumtetea asiye Muislamu

Ziko aya katika Suratun-Nisaa, kuanzia ya 105 hadi ya 113, ambazo naona zingefaa ziandikwe juu ya mlango wa kila ofisi ya wakili na juu ya mlango wa kila msikiti pia. Wafasiri wanaeleza kwamba mtu mmoja wa ukoo wa Bani Ubayriq wa Madina, aliyejidhihirisha kuwa Muislamu, aliiba deraa ya jirani yake. Alipoona atagundulika, akaificha kwa Myahudi mmoja. Deraa ikakutwa kwa yule Myahudi, na watu wa ukoo wa mwizi wakamwendea Mtume (SAW) wakimtaka amtetee mtu wao. Hoja yao ilikuwa nyepesi: huyu ni wetu, yule si wetu.

Ushahidi wa nje ulikuwa upande wao. Ndipo wahyi uliposhuka, ukamkataza Mtume (SAW) asiwe mtetezi wa makhaini, na ukaeleza kuwa anayetenda kosa kisha akamtupia asiye na hatia amejitwika dhulma na dhambi iliyo wazi. Na katika aya ya 109 Allah (SW) anawaambia wale waliosimama kumtetea mtu wao kwamba haya, hapa duniani mmemtetea, lakini mbele ya Allah Siku ya Kiyama ni nani atakayemtetea, au ni nani atakayekuwa wakili wake? Neno lililotumika hapo katika Kiarabu ni hilohilo, wakili.

Ndugu zangu Waislamu, Myahudi yule hakuwa na ukoo wa kumsemea mbele ya Mtume (SAW). Qur'an ndiyo iliyomtetea, ikawaacha Waislamu wa Madina wakiinamisha vichwa. Dini yenye aya hizi haiwezi kumruhusu mtu kusema "huyu ni wa msikiti wetu" kisha akafumba macho.

Safari yangu ya Mbeya

Sasa nieleze langu. Sitataja majina wala kijiji, kwani lengo ni mazingatio.

Wenyeji wanajua ardhi ya kwetu ilivyo. Huku kwenye tambarare, kuanzia mto Songwe mpakani na Malawi mpaka chini ya milima ya Livingstone, hakuna kipande kisicho na mwenyewe. Panapokaa maji ni mpunga, panapoinuka ni kokoa, migomba na michikichi. Mipaka mingi haina jiwe la upimaji, mashahidi wake ni mti na kumbukumbu za wazee, na wazee wanaondoka. Kisha mwaka 2024 bei ya kokoa katika soko la dunia ilipanda kupita dola 10,000 kwa tani. Vipande vya shamba ambavyo zamani watu waliviachiana kwa salamu vikawa vya kupelekana barazani.

Ndugu mmoja wa msikitini kwetu alikuwa na shauri la kipande cha shamba la kokoa dhidi ya jirani yake, mama mjane, Mkristo. Shauri lilisikilizwa upande mmoja kwa kuwa mama hakufika, na ndugu yetu akashinda. Mama akaomba hukumu ile itenguliwe ili naye asikilizwe. Ndugu yetu akatakiwa alete kiapo cha maandishi cha kumpinga. Siku hiyo mimi nilikuwa nakwenda Mbeya kwa shughuli za shule. Akaniambia, "Ustadhi, nichukulie bahasha hii, nimeshasaini. Mpelekee wakili agonge muhuri, jioni urudi nayo." Nikaichukua. Nilikwenda nayo zaidi ya kilomita mia moja kupitia Tukuyu, nikaifikisha. Wakili, ambaye sitamtaja, aliangalia ukurasa wa mwisho, akasaini, akagonga muhuri, akapokea fedha. Hata dakika tano hazikufika.

Nikiwa njiani kurudi niliutoa ule ukurasa wa mwisho nikausoma. Uliandikwa kuwa mwapaji ameapa mbele ya wakili huyo, hapo Mbeya, siku hiyo. Ndugu yetu siku hiyo alikuwa Kyela. Hakuvuka hata daraja la Kiwira. Kurasa nyingine sikuzisoma, na wala sikutaka kuzisoma. Nikajiambia ni utaratibu tu, kila mtu anafanya hivyo. Ombi la mama lilikataliwa.

Na upande wa mama mambo yalikuwaje? Baadaye sana ndipo nilipojua kwa nini hakufika barazani tangu mwanzo. Alikuwa na "wakili" wake, mtu nadhifu mwenye begi na mihuri, aliyempata karibu na stendi. Alimwambia, "Mama, wewe kaa nyumbani, mimi nitakusimamia." Aliuza mpunga wa msimu mzima akamlipa bila risiti. Ombi lilipokataliwa, mtu yule akamwambia rufaa ameshaiwasilisha Mahakama Kuu Mbeya. Hakuwasilisha kitu. Sheria inampa aliyeshindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku zile 45 zilipita mama akisubiri simu. Hakuwa wakili, alikuwa kishoka.

Ndugu msomaji, mtu atasema aliyemdhulumu mama ni kishoka. Kweli. Mwingine atasema ni wakili aliyeshuhudia kiapo cha mtu asiyemuona. Kweli pia. Lakini wakili yule hakuja Kyela kuifuata bahasha. Bahasha ilipelekwa, na aliyeipeleka ni mwalimu wa dini.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Bakra (RA) kuwa Mtume (SAW) alipokuwa akitaja madhambi makubwa kuliko yote alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye shahada ya uongo akainuka, akakaa sawasawa, akalirudia neno hilo mara nyingi mpaka masahaba wakatamani anyamaze kwa kumuonea huruma. Kisha sisi tunaiita "utaratibu tu".

Sheria ya nchi inasemaje

Baadhi yetu tunadhani mawakili ni watu wasio na wa kuwauliza. Si kweli. Tanzania Bara ina Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ambayo mizizi yake ni ya miaka ya 1950 wakati wa mkoloni. Chama cha Mawakili wa Tanganyika, TLS, nacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1954. Mtu hawi wakili kwa kuvaa suti. Ni lazima awe na shahada ya sheria, apite Shule ya Sheria kwa Vitendo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, akubaliwe na Jaji Mkuu, na jina lake liingizwe katika orodha ya mawakili inayotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Baada ya hapo anatakiwa kuhuisha cheti chake cha kufanya kazi kila mwaka.

Asiye na sifa hizo akijifanya wakili, au akiandaa nyaraka za kisheria kwa malipo, anatenda kosa. Ndiyo maana sheria inataka nyaraka hizo ziandikwe jina la aliyeziandaa. Na anayeshuhudia kiapo anatakiwa aonyeshe kwa ukweli ni wapi na ni tarehe gani kiapo kimeapwa. Kwa hiyo ule mstari wa mwisho nilioudharau garini si pambo. Ndio unaotofautisha kiapo na karatasi tu.

Wakili akikosea kipo chombo cha kumuuliza, nacho ni Kamati ya Mawakili, inayoongozwa na Jaji wa Mahakama Kuu. Mwananchi yeyote anaweza kupeleka malalamiko yake huko, na si lazima awe msomi. Kamati inaweza kumuonya wakili, kumsimamisha, au kulifuta jina lake kwenye orodha. Zipo pia kanuni za maadili za mwaka 2018 zinazomkataza wakili kuidanganya mahakama, kuchanganya fedha za mteja na zake, na kutoa siri za mteja. Mwenye kuzisoma kanuni hizo akiwa anaijua fiqhi ataona kana kwamba anasoma mlango wa wakala.

Lakini tatizo moja ni zito, nalo ni kwamba adhabu ya kosa la wakili mara nyingine humwangukia mteja. Katika rufaa ya Edson Mbogoro dhidi ya Dk. Emmanuel Nchimbi, namba 140 ya mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kuwa wakili ambaye hana cheti cha mwaka husika ni sawa na asiye na sifa, na nyaraka alizoziandaa hazisimami. Wenzetu wa Kenya walikuja kuliangalia suala hilo kwa jicho jingine. Mwaka 2015, katika shauri la National Bank of Kenya na kampuni ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu ilisema hati ya uhamisho wa mali haibatiliki kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na cheti cha mwaka huo, kwani mwenye kosa ni wakili na si mteja aliyemwamini. Mimi si mwanasheria, lakini kwa mizani ya Qur'an kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenzake, naona hoja ya Nairobi inastahili kutazamwa.

Hata hivyo tusiitumie hoja hiyo kuwaonea huruma matapeli. Oktoba 2023, hukohuko Nairobi, ilivuma habari ya kijana aliyetuhumiwa kujifanya wakili kwa kutumia utambulisho wa wakili halisi. Zikasambaa habari zikidai ameshinda kesi 26, na watu wengi, hata wa huku kwetu, wakamshangilia na kumuita shujaa wa masikini. Nikajiuliza, wangemshangilia kama ni wao waliouza mpunga wakamlipa, kisha siku 45 zikapita?

Mizani isiwe na upande mmoja

Hapa niwaambie pia wenye dhamana. Mkulima wa huku akiuza mpunga anaijua lumbesa, gunia lililosindiliwa na kuongezwa kilemba juu, anayepunjwa ni yeye. Allah (SW) amewaahidi adhabu kali wenye kupunja vipimo (Qur'an, 83:1-3). Basi kupunja kwa mizani kunaonekana kwa macho, lakini maneno ya wakili hayana mizani sokoni. Mjane hawezi kuyapima. Ndiyo maana lazima pawepo wa kumpimia.

Upimaji huo uanzie chuoni. Oktoba 2022 taifa lilishtuka iliposikika kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria, 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 wakafeli. Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza, mwenyekiti wake akawa Dk. Harrison Mwakyembe, mwanasheria aliyekuwa mbunge wetu wa Kyela kuanzia 2005 hadi 2020. Wengi walijadili nani wa kulaumiwa, walimu au wanafunzi. Sikusikia wengi wakiuliza habari ya mama wa kijijini, ambaye kosa la wakili asiyeiva litamgharimu shamba.

Upimaji huo pia uwe wa haki kwa wote. Septemba 2019 Mahakama Kuu ilimsimamisha Wakili Fatma Karume kutokana na maandishi aliyoyawasilisha katika kesi ya kikatiba, Septemba 2020 Kamati ya Mawakili ikalifuta jina lake Tanzania Bara, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo. Mei 2024 Kamati ilimpa onyo Wakili Boniface Mwabukusi kwa matamshi yake kuhusu mkataba wa bandari. Onyo hilo likatumika kumwengua kugombea urais wa TLS, Mahakama Kuu ikamrejesha, na Agosti 2024 mawakili wenzake wakamchagua. Simhukumu yeyote katika hao. Ninachouliza ni hiki: mbona mashauri ya nidhamu yanayovuma ni ya mawakili walioyasema yasiyowapendeza wakubwa, na ya wakili aliyekula fedha ya mjane au kugonga muhuri juu ya uongo hatuyasikii?

Mwanamke wa kabila tukufu la Bani Makhzum alipoiba, watu walimtuma Usama bin Zayd (RA) akamuombee kwa Mtume (SAW). Mtume (SAW) akakasirika, akaeleza kuwa waliotutangulia waliangamizwa kwa sababu akiiba mtukufu wao walimwacha, na akiiba mnyonge walimuadhibu. Nidhamu inayoogopa wakubwa na kusahau wanyonge ni mizani yenye upande mmoja.

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kumlipa mtu anayejiita wakili, uliza jina lake kamili na ulihakiki. Mahakama ina mfumo wa e-Wakili katika intaneti, na kijana yeyote mwenye simu anaweza kukuangalizia. Maimamu na wachungaji tuwasaidie watu wetu katika hili, ni dakika chache tu.

Pili, andikianeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an (2:282) inahusu kuandikiana mikataba na kuweka mashahidi, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Mnayaacha makubaliano na wakili yabaki ya mdomo kwa nini? Dai risiti, dai nakala ya kila kilichowasilishwa chenye muhuri wa baraza au mahakama, na uliza siku za rufaa zinaisha lini.

Tatu, fika mwenyewe siku ya shauri lako hata kama una wakili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Kisingizio cha "Kiingereza kilinishinda" kimepungua.

Nne, asiye na uwezo asikimbilie kwa kishoka. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayotoa msaada bure. Uliza ofisi ya maendeleo ya jamii wilayani.

Tano, na hili ndilo kubwa, tusimwendee wakili na uongo. Tunapenda kusema mawakili ni waongo, lakini tukiingia ofisini tunauliza, "Niseme nini ili nishinde?" Wakili mwadilifu akitujibu tuseme kweli, tunatoka kumtafuta mwingine. Soko la uongo lipo kwa sababu wanunuzi tupo.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu. Kipindi kilichofuata nilimwambia: soma sheria mwanangu, na Allah akufanyie wepesi. Hata mwenye kosa ana haki ya kusikilizwa, asionewe, asizidishiwe adhabu. Ukisimama kulinda hilo unalinda uadilifu. Lakini siku utakayoujua uongo ukausema, au ukasaini usichokiona, hapo umeacha kumtetea mtu na umeanza kutetea khiyana.

Kisha nikafanya lililokuwa limenikalia kifuani. Nilimwendea ndugu yetu wa msikitini kwanza, nikamwomba tumalize jambo hili kwa heri, wazee wakapite mipaka upya. Alikataa, na mpaka leo salamu yangu anaijibu kwa shida. Nikaenda kwa mama. Nilimkuta anaanika kokoa kwenye mkeka, nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema neno moja tu: "Mwalimu, hata wewe?"

Msaidizi wa kisheria amemuunganisha na wakili halisi, na wanaandaa maombi Mahakama Kuu ya kuongezewa muda wa rufaa. Sheria inaruhusu hilo pakiwepo sababu ya msingi, ingawa kukubaliwa si hakika. Nimeombwa nitoe kiapo kuhusu ile bahasha. Baadhi ya jamaa wamenijia usiku wakaniambia namsaliti Muislamu mwenzangu kwa ajili ya Mkristo. Niliwasomea Suratun-Nisaa aya ya 135, inayotuamrisha kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Allah, hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Kiapo hicho nimeshakisaini. Nilikwenda mwenyewe, nikakisoma chote, nikaapa mbele ya wakili ananitazama.

Sijui mama atapata haki yake au la, hilo liko mikononi mwa mahakama. Ninachokijua ni kwamba iko mahakama nyingine inayotusubiri sote, mimi, ndugu yangu wa msikitini, wakili wa Mbeya na kishoka wa stendi. Huko hakuna siku 45, hakuna muhuri wa kununua, wala bahasha ya kumpa msafiri. Swali litakalotukabili huko ni lile la Qur'an: hapa duniani tulipata wa kututetea, je, siku hiyo nani atakuwa wakili wetu?

Ewe Mola wetu, tujaalie ndimi zetu zisiwe za khiyana, na tusamehe tuliyoyabeba tukijua na tusiyoyajua. Wabillahi tawfiq.